Gurudumu la Pili la Behewa la Tano

Kila siku saa kumi alasiri mji wetu mzima ulinyamaza. Sitii chumvi. Fundi viatu aliweka chini nyundo yake ndogo, muuza chai alizima redio, na sisi watoto tuliotoka shule tukipiga kelele tulifunga midomo. Treni ilikuwa imesimama stesheni, na mama yangu alikuwa anaanza kazi.

Mama alikuwa mkaguzi wa magurudumu. Alitembea kando ya treni na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine, arobaini upande wake. Upande wa pili mkaguzi mwenzake aligonga yake. Gurudumu zima hulia ngaaa, sauti ndefu inayokwenda mbali kabla ya kuzimika. Gurudumu lenye ufa hulia dup, kama ndoo iliyojaa mchanga. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Jicho haliuoni, lakini sikio huukamata.

Mji wetu ulizaliwa kwa sababu ya kazi hiyo. Nyuma yetu kuna mlima, na treni huuteremka kwa saa nzima, breki zikilia na magurudumu yakiwaka moto. Wajenzi wa reli waliona haifai treni iendelee na safari bila kuangaliwa. Wakajenga kibanda hapa chini, wakamweka mtu mmoja na nyundo. Mtu huyo alitaka chai, akaja muuza chai. Kokoto za reli zilimlia viatu, akaja fundi viatu. Watoto wakazaliwa, ikajengwa shule. Babu yangu alikuwa wa pili kuishika nyundo ile, na mama alikuwa wa tatu. Mpini ulikuwa umelika mahali pa vidole. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuingiza vidole vyangu kwenye mabonde yale, na kila mara mwili ulinisisimka.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, sikio la kulia la mama lilianza kutoa usaha. Alilitia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, akalifunika kwa pamba, akasema litapona. Halikupona. Nyumbani nilianza kumwita mara tatu ndipo ageuke.

Siku moja aliniketisha kitandani kwake.

"Mwanangu, treni ikinguruma sisikii vizuri," alisema. "Wewe utasimama jukwaani. Nikigonga nitakutazama. Likilia vizuri, niitikie kwa kichwa."

"Kwa nini usiende zahanati, mama?"

"Nikienda wataniambia nipumzike, na nyundo ya babu yako atapewa mtu mwingine. Vumilia wiki mbili tu. Na usimwambie mtu."

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Nami, niseme kweli, nilivimba kichwa. Watu mia nne walikuwa wakisafiri kwa ruhusa ya shingo yangu!

Kisha ikaja siku ya kifaranga. Nilikuwa jukwaani, mama amefika behewa la tano, rafiki yangu aliponijia mbio na kikapu cha mayai. Mama yake aliuzia abiria mayai ya kuchemsha.

"Njoo uone! Hili lilikuwa linakwenda sufuriani leo!" alininong'oneza.

Kikapuni, kati ya mayai, kifaranga kilichoroa kilikuwa kinatoa kichwa kwenye ganda. Nilikitazama kwa mshangao. Nilipoinua macho, mama alikuwa ananiangalia, nyundo mkononi. Alikuwa ameshagonga gurudumu la pili.

Nikaitikia. Shingo ilitangulia kabla akili haijafika.

Mama aliendelea hadi behewa la mwisho, akainua nyundo juu kuonyesha kazi imekwisha. Mkuu wa stesheni, mzee tuliyemwita Bwana Dakika kwa sababu saa haikumtoka mkononi, alikunjua bendera ya kijani.

Nilijiambia kwamba kwa miezi miwili hakuna gurudumu lililolia vibaya, kwa nini leo? Nikatazama dirisha la behewa la tano. Mtoto mdogo alikuwa amepakatwa na baba yake, anaupungia mji wetu mkono wenye biskuti. Miguu yangu ikakimbia.

"Mzee, usipeperushe!"

"We binti, una nini?" Bwana Dakika aliuliza.

"Gurudumu la pili la behewa la tano."

"Limefanya nini?"

"Sijui. Sikulisikia, lakini niliitikia."

"Ulimwitikia nani?"

Nilimtazama mama, aliyekuwa anakuja upesi. Nilimpenda kuliko kitu chochote, na nilikuwa naenda kumwangusha mbele ya mji mzima.

"Mama hasikii, mzee," nilisema huku nikilia. "Mimi ndiye ninayemsikilizia."

Bwana Dakika aliikunja bendera ya kijani, akainua nyekundu. Abiria walichungulia madirishani, na mmoja akauliza kwa sauti kama dereva amekwenda kuoa. Mwenzake mama aliitwa, akagonga gurudumu la pili la behewa la tano. Ngaaa! Likalia vizuri kabisa. Aliyagonga tena yote arobaini, na hakuna lililokuwa na kasoro. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimemfedhehesha mama yangu kwa ajili ya gurudumu zima.

Ofisini mama alisema, "Kosa ni langu, mzee. Mtoto nilimtuma mimi."

"Najua," Bwana Dakika alijibu. Kisha akanigeukia. "Kama ungejua ni bovu ukasema, ningekushukuru tu. Wewe hukujua, na ukasema hujui. Nimefanya kazi reli miaka thelathini, na nimeona wakubwa wenye vyeo vyao wakishindwa kulitamka neno hilo."

Alichukua nyundo mkononi mwa mama, akaitundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake.

"Itakaa hapa. Hatapewa mtu mpaka daktari aseme. Kesho panda treni uende hospitali, na mafuta ya kupikia yarudi jikoni."

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na mama. Tulipofika mlangoni aliweka kiganja kwenye shingo yangu.

"Shingo hii niliibebesha mzigo wangu," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Daktari alikuta tundu katika ngoma ya sikio, akasema angechelewa kidogo zaidi lisingezibika. Mama alitibiwa miezi mitatu. Muda huo wote mwenzake aligonga pande zote mbili, treni zikachelewa kuondoka, na mji ukavumilia.

Siku aliyorudi, kimya cha saa kumi kilikuwa kizito kuliko siku zote. Nilisimama jukwaani mikono nyuma, nikijikataza hata kugeuza shingo. Mama hakunitazama. Aligonga, akasikiliza, akasogea. Kwenye behewa la nane alisimama. Akagonga tena. Akainama, akagonga mara ya tatu. Mimi nilisikia ngaaa, safi kabisa. Nilidhani sikio lake limeharibika moja kwa moja.

"Hili sijui!" mama alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa fundi viatu. "Liangaliwe!"

Bwana Dakika akaikunja bendera. Dereva, abiria mia nne na mji mzima wakasubiri kwa ajili ya neno moja la mama yangu. Fundi wa treni alifuta grisi na vumbi, akapaka chaki, akasugua. Kwenye weupe ule ukajitokeza mstari mweusi wa ufa, mfupi kama ukucha.

Behewa likafunguliwa kutoka kwenye treni, likaachwa. Mama alinijia akifuta mikono.

"Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia limelia vizuri, mama."

"Basi miezi ile miwili ungeniitikia, nami ningeliacha liende," alisema. "Mwili ukiugua, utibiwe mapema. Na usilolijua, sema hulijui, hata treni ikikusubiri."

Alinipa nyundo nimshikie. Niliingiza vidole kwenye mabonde ya mpini, na kwa mara ya kwanza nikahisi jinsi ilivyokuwa nzito.