Tonge la Dani

Siku ya kwanza tu ya likizo katika boma la wazee huko Usenge, Valerie alikataa chakula cha mchana. Alisema ameshiba. Mama yake, Winny, akamtazama vizuri akaona gamba la samaki limenata pembeni mwa mdomo, bichi, lenye ute, na katika boma lile hakuna aliyekuwa amepika samaki. Alipomuuliza nani amempa chakula, mtoto akasema ni Dani, yule bibi wa kwenye kigoda, kisha akarudi kuchezea mchanga.

Dani ndivyo Waluo wanavyomwita nyanya. Na Dani wa nyumba hiyo alikuwa amezikwa hapo hapo uani kabla Valerie hajazaliwa.

Mwingine angembeba mtoto wake na kuondoka bila kuaga. Winny alitabasamu. Mapenzi ni kitu kibaya yakikosa mtu wa kuyakemea.

Winny alikulia Kisumu mjini, katika nyumba ya kupanga, na kila shule zikifungwa alipelekwa Usenge kwa wazazi wa baba yake. Babu yake, Mzee Amolo, alimfundisha kuogelea kwa kumtupa ziwani na kumcheka. Dani alimpaka samli miguuni mpaka ikameremeta. Na wakati wa kula, Dani alichukua mnofu wa samaki aina ya ngege akautia mdomoni mwake mwenyewe, akautafuna polepole huku akitema miiba pembeni, halafu akautoa kwa vidole na kumlisha mjukuu wake tonge la uvuguvugu lisilo na mwiba hata mmoja. Wewe unaweza kuona kinyaa. Winny hakuona. Hajawahi kula kitu kitamu kuliko hicho, na wenzake kazini alishawasimulia mpaka wakachoka.

Dani alipokufa, nyumba yake iliachwa. Ndiyo desturi ya hapo: nyumba ya mama aliyefariki haikarabatiwi wala hailaliwi, huachwa ianguke yenyewe ikamfuate mwenye nyumba. Paa likainama, udongo ukabanduka, na Winny kila akija aliumia kuiona. Mwaka huu akaleta fundi. Mabati mapya, sakafu ya saruji, rangi ya kijani. Alitaka binti yake apate likizo kama zake. Baba yake mdogo, Obonyo, aliyebaki kulinda boma, alimkanya kwamba binti hajengi kwa baba yake, na nyumba ya marehemu haiezekwi upya. Winny akamjibu kwa heshima kuwa hayo yalikuwa ya zamani. Asiyesikia la mkuu, mnajua kinachovunjika.

Basi jioni ya siku ile ya gamba, badala ya kuogopa, Winny alimkalisha mtoto mkekani akamsimulia kila kitu. Samli. Tonge. Nyimbo ambazo Dani aliimba akianika omena, dagaa wa ziwani. Aliamini kuwa bibi amekuja kumbariki mjukuu wake.

Kesho yake alimkuta Valerie nyuma ya nyumba, miguu ikimeremeta. Alifurahi mpaka alipoigusa. Yalikuwa mafuta ya matumbo ya samaki yaliyoachwa juani, ya kijivu, yenye vipande laini ndani yake, na yalikuwa yamepakwa kwa uangalifu mkubwa, hadi katikati ya vidole vya miguu. Alimsugua kwa sabuni, akamsugua kwa limau, na shombo halikutoka. Siku iliyofuata, wote wawili wakiwa nje, wimbo wa omena ulisikika kutoka ndani ya nyumba, ukiimbwa kwa sauti nzito ya majimaji, sauti ya mtu aliyejaza chakula mdomoni.

Kila alichosimulia kilirudi, na kilirudi kimeoza. Akaacha kusimulia. Lakini hakuacha kukumbuka, na hilo lilitosha.

Valerie alikonda mikono huku tumbo likivimba. Pumzi yake ilinuka ndoo ya omena iliyonyeshewa na kusahauliwa. Winny alipombeba kwenda stendi wapande gari la Kisumu, mtoto alianza kutapika langoni, na kadiri walivyoliacha boma ndivyo alivyozidi kulegea, macho yakapinduka, mpaka mama akaogopa kumpoteza njiani na kurudi. Alipomweka tu kizingitini, mtoto akapata nguvu, akaingia ndani akikimbia.

Mchana mmoja Winny alitoka dukani, jua likiwa utosini, akakuta mlango umeegeshwa na uvundo umeanza tangu uani, uvundo mzito wa kukwama kooni. Akachungulia dirishani, na pale kwenye kigoda akaona mgongo wa Dani, leso yake ya manjano, kisogo chake chenye mvi, na Valerie amepakatwa magotini, kichwa nyuma, mdomo wazi kama kifaranga, na ule mgongo ulikuwa ukitikisika kwa kutafuna, kutafuna kwa majimaji ambako Winny alikusikia hadi kwenye ufizi wake mwenyewe, kisha vidole vikaingia mdomoni, vidole vilivyovimba na kuchunika kama vya maiti aliyeopolewa ziwani, vikatoa tonge la kijivu lililovutika kwa ute, ndani yake macho ya omena na kitu kilichokuwa bado kinajikunja, na tonge hilo likasukumwa taratibu mdomoni mwa mtoto, naye akameza, akafungua tena.

Kile kitu kikageuka. Uso ulikuwa wa Dani hadi puani. Chini ya pua kulikuwa na mdomo tu, mpana kupita mashavu, na ulikuwa umejaa.

"Winny, nyathina, mtoto wangu," kikasema kwa sauti ya Dani. "Njoo. Lako nimekuwekea."

Kinachomtia Winny kinyaa na nafsi yake hadi leo ni kwamba mate yalimjaa mdomoni. Hayakuwa ya kichefuchefu. Yalikuwa ya hamu.

Aliposukuma mlango, kigoda kilikuwa kitupu, kimelowa.

Obonyo hakusema nilikuambia. Alitoka mbio, akarudi na Nelima, mama mnene wa kanzu nyeupe aliyeolewa hapo Usenge, ambaye watu wa ufukweni humwita wakishindwa na mambo ya namna hiyo. Nelima aliingia ndani, akanusa, akatoka akitema mate.

"Huyu si mama yenu," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yenu amelala pale, hana shida na mtu. Hii ni jini. Ilipata nyumba ya mtu amekufa imewekwa mabati mapya, na ndani kuna mtu anaita Dani, Dani, kila siku. Ikaitika."

Winny akauliza afanye nini.

"Nyumba ianguke. Wewe uliweka mabati, wewe utaanza kutoa. Lakini hiyo ni kazi ndogo. Hii kitu inakula hamu. Yako imezoea, na sasa inataka ya mtoto. Kuanzia leo usimwambie huyu mtoto kitu yoyote ya Dani. Hata picha usimwonyeshe. Akianza kumpenda, itamfuata hata Kisumu."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka umezikwa."

Winny akapanda ngazi na nyundo. Alipong'oa msumari wa kwanza, sauti ilitoka chini ya bati, ya upole, karibu na sikio lake. Ikamuuliza kama kweli anamfukuza kwake. Ikamuuliza ni nani aliyelala naye alipokuwa akitetemeka kwa malaria, akalowa jasho lake usiku kucha bila kulalamika. Hilo Winny hakuwahi kumsimulia mtu. Lilikuwa kweli, na lilikuwa lake peke yake, na kitu kile kilikuwa kinalitafuna.

Akalia. Kisha akasema, "Dani alikufa. Wewe sikujui," akalivuta bati.

Uvundo uliotoka ulimpigisha Obonyo magoti. Chini, mapajani mwa Nelima, Valerie alitapika magamba, akatapika miiba, akatapika uji wa kijivu usioisha, na mwisho likatoka jino moja la njano, kubwa kuliko la mtu. Nelima akalishika kwa jani na kulitupa motoni. Walipoziangusha kuta, mtoto alilala usingizi wa kawaida, akikoroma.

Shule zilipofunguliwa, Valerie alikuwa amenenepa tena, na ya Usenge ameyasahau yote, kama ndoto za homa. Jioni moja huko Kisumu, Winny akiosha vyombo, mtoto akaja jikoni. Darasani walikuwa wamesimulia likizo za kwa nyanya zao.

"Mama, na wewe ukiwa mdogo, ulikuwa unaenda kwa Dani wako?"

Yakamjia yote kwa pamoja, samli, jasho, zile nyimbo, mikono ile, na kutoka kwenye bomba la sinki shombo likaanza kupanda, polepole. Valerie akakunja pua.

"Sikuwa na Dani," Winny akasema.

Shombo likakatika. Valerie akamtazama kwa huruma, akamkumbatia kiunoni.

"Pole, Mama," akasema.

Winny akamwambia si kitu, akaendelea kuosha vyombo.