Chumvi ya Kwenye Buti

"Mama, hapo nyuma ya jiko inaingia mashine moja tu," alisema fundi wa maji. "Ya kulainisha, au ya kusafisha?"

"Kwani zina tofauti gani?"

"Ya kulainisha inatoa ule ugumu wa maji. Birika halishiki ukoko, sabuni inatoa povu. Lakini wadudu inawaacha humo humo. Ya kusafisha inakupa maji ya kunywa, ila povu usahau."

Mshonaji akamtazama mumewe, mwoka mikate, aliyekuwa kaegemea friji. Mtoto wao ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kitandani, tumbo limemsumbua tena. Jibu si lilikuwa wazi, jamani?

"Ya kulainisha," mume akadakia. "Ukiyaoga yale maji utapenda, mke wangu. Unajisuuza weee, ngozi bado inateleza, unadhani sabuni haijatoka."

Fundi akacheka. "Kumbe mzee umeshayaoga!"

"Umeyaogea wapi?" mshonaji akauliza.

"Aah, nasikia tu watu wakisema."

Fundi, maskini hana habari, akamwaga mezani vidonge vyeupe, vinene kama vifungo vya koti.

"Ukichukua ya kulainisha, hii ndiyo chumvi yake. Mashine usipoilisha hii, inagoma."

Mshonaji akaokota kimoja. Alikijua. Kwenye buti ya gari lao kulikuwa na gunia zima, na kila likiisha linakuja jingine.

"Baba watoto, si uliniambia hii ni ya mikate?"

"Ya mikate?" fundi akashangaa. "Mama, hii haiingii kwenye mkate, hii ni ya..."

Akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Simu ya mume ikalia pale mezani. Jina: Bosi wa Unga. Ujumbe: "Mpenzi, povu limekata tena. Unaleta chumvi saa ngapi?"

Mshonaji akausoma, akailaza simu kifudifudi. Akasubiri moyo umpasuke. Haukupasuka. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, na kitu pekee alichokiwaza ni kwamba birika linahitaji kukwanguliwa.

"Mke wangu, nisamehe. Ni shetani tu alinipitia."

"Shetani gani anayekula chumvi magunia kwa magunia?"

Hata hasira haikuwemo kwenye sauti yake.

"Fundi, nifungie ya kusafisha. Mwanangu anywe maji salama."

"Na ya kuoga, mama?"

"Tutaoga haya haya. Tumeyazoea."

Akachukua funguo za gari ukutani, akamwekea mumewe kiganjani.

"Wapelekee watu chumvi yao, mashine isije ikagoma."

"Na nikirudi tutaongea?"

Mshonaji alikuwa ameshageukia sinki, kijiko mkononi, anakwangua birika.

"Unakoogea ndiko kwako. Kaa huko huko."