Kichochoro cha Watu Thelathini na Sita

Ndugu zangu, nitawasimulia kisa cha binti aliyeponzwa na uvivu wa mchana mmoja tu. Msije mkadhani nawasengenya watoto wa watu. Wengi wetu tumewahi kujaza fomu bila kuinuka kitini.

Mchana huo nyumba ilikuwa shwari. Mama, fundi wa kushona, alikuwa akikanyaga cherehani yake mlangoni. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa mipango miji, alikaa pembeni na fomu magotini. Majirani walimwita Bi Ramani, maana tangu aingie chuoni hapiti mtaa bila kueleza nyumba ipi imejengwa vibaya. Halmashauri ilikuwa imekiomba chuo kihesabu wapita njia, na kila mwanafunzi alipewa mahali pake: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila apitaye anachorewa kistari. Bi Ramani aliomba kichochoro cha kwao. Kivuli cha mama, chai karibu, nani angekataa?

Hakuamka alfajiri. Alikaa kwenye kigoda saa sita, jua likiwa la utosi, na kwa saa nzima wakapita watu watatu. Akazidisha kwa kumi na mbili, akapata thelathini na sita, akajaza watatu watatu kila kisanduku cha saa, tangu cha asubuhi mpaka cha jioni.

"Umemaliza mapema hivyo?" mama akauliza.

"Sisi wasomi tuna mbinu zetu, Mama."

Mama alicheka, tena kwa fahari.

Miezi miwili baadaye tangazo likabandikwa mdomoni mwa kichochoro. Kitafungwa kwa ukuta, kiwe maegesho ya magari, kwa kuwa utafiti wa chuo umeonyesha kinapitiwa na watu thelathini na sita kwa siku. Mwenye pingamizi afike ukumbi wa halmashauri baada ya siku tisa. Wateja wote wa mama walipitia pale. Watoto wa shule nao wangelazimika kuzunguka kwenye barabara ya malori.

Mama alimwita binti kutoka bwenini.

"Thelathini na sita? Hao wanapita kabla chai yangu haijachemka! Mwanangu, ni wewe uliyekihesabu kichochoro chetu siku ile, au kuna mwenzako mwingine?"

Angeweza kumsingizia mwenzake. Lakini akasema, "Mimi, Mama."

Cherehani ikanyamaza. Mama hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma binti kuliko matusi. Alisema tu, "Nenda kairekebishe hesabu hiyo," kisha akainamia kitambaa chake.

Bwenini, rafiki yake wa chumba alishika kichwa. "Usijitie kitanzi! Ukisema, kazi yako ya mwaka mzima inafutwa. Unadhani ni wewe peke yako uliyejazia kivulini?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, ndugu zangu. Kila mmoja alijifariji kwamba wenzake nao wanafanya.

Bi Ramani aliona aibu, na aliogopa hasa. Lakini alipowafikiria wale watoto na malori, alipiga moyo konde akaenda kwa mhadhiri wake. Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Mama Skeli, kwani ukimsalimia anakuuliza skeli ya ramani yako kabla hajaitikia. Siku hiyo hakuuliza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua utarudia mwaka?"

"Najua, Mwalimu. Wacha nirudie, lakini kichochoro kisifungwe."

Mama Skeli aliivuta ripoti, akaitazama sahihi yake. "Mimi niliangalia jumla tu. Watatu watatu kutwa nzima! Mji gani huo, asubuhi na mchana ni sawasawa? Ningeisoma, ningekurudisha siku ileile. Tumekosa wote wawili. Kahesabu upya siku tatu, nami nitakuja kukukagua bila kukuarifu."

Alfajiri ya kwanza, binti alikaa mdomoni mwa kichochoro na penseli mbili. Kabla jua halijapanda vizuri, alikuwa amechanganyikiwa. Wanafunzi walikuja makundi kwa makundi, wauguzi wa zamu walirudi wakipishana na walinzi, na mzee wa baiskeli alipita mara nne kana kwamba anamtania. Vistari vilimpotea. Nusura alie.

Ndipo mama alipotoka na kiti chake, akaketi upande wa pili na kuchukua karatasi.

"Wewe hesabu wanaokwenda. Wanaorudi niachie mimi."

Walikaa hivyo siku tatu, cherehani ikiwa imefunikwa. Mama Skeli alikuja mara mbili, akahesabu naye, akatia sahihi akiwa amesimama palepale.

Siku ya pingamizi ukumbi ulijaa. Ofisa aliinua karatasi mbili. "Hii inasema thelathini na sita. Hii inasema elfu moja mia nne na kumi na wawili kwa siku. Tuamini ipi?"

Bi Ramani akasimama. "Hiyo ya kwanza niliitunga mimi. Nilihesabu saa moja tu."

Watu wakaguna. Muuza mkaa akapaza sauti, "Kumbe ni wewe uliyetaka kutufungia njia!"

Alijikaza kisabuni, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Msiniamini tena kwa maneno. Njooni kesho alfajiri mhesabu wenyewe."

Mhadhiri naye alisimama akasema kosa ni lake pia. Kesho yake maofisa walifika. Mmoja alijaribu kuandika akiwa katikati ya kichochoro, akasukumwa na umati mpaka ukutani. Wiki hiyohiyo tangazo likabanduliwa.

Lakini adhabu ilibaki palepale. Muuza mkaa alikaa miezi bila kuitikia salamu yake. Na siku wenzake walipovaa majoho, Bi Ramani alikuwa kwenye njia panda nyingine tangu alfajiri, penseli mkononi, akihesabu.

FUNZO

Enyi wanafunzi, walimu na maofisa: takwimu ya kupika haibaki karatasini. Hufika mlangoni kwa mtu ikiwa ukuta. Ukipewa kazi ya kuhesabu watu, hesabu watu. Ukipewa kazi ya kutia sahihi, soma kwanza. Na kama umeshakosea, sema mapema, hata kama utaumia, maana usiyemhesabu bado anapita pale kila siku na mzigo wake.