Koja kwa Aliye Hai

Mwanamume aliyefika mbele ya meza ya Kuheli Bagchi hakuwa na kitabu mkononi. Alikuwa na noti ya rupia mia.

"Samaki wawili, dada," akasema, "na haradali usinibanie."

Maonyesho ya vitabu ya Kolkata ndivyo yalivyo: nusu ya jiji hufuata vitabu, nusu hufuata samaki wa kukaanga, na foleni zote hufanana. Kuheli, mchonga sanamu, alikuwa akitia sahihi kitabu chake cha kwanza. Alivaa sari ya pamba rangi ya manjano, na kucha zake bado zilikuwa na udongo wa asubuhi. Watu nyuma waliangua kicheko. Kuheli alikuwa amenaswa na pua ya yule bwana, ndefu, imepinda kidogo, ya kumkosesha mchongaji usingizi.

"Samaki nitakununulia," akamwambia, "ila uniazime hicho kichwa."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikichoke."

Bwana huyo, Dibyendu, daktari wa meno wa mtaa wa Behala, akawa anakuja karakanani kila Jumapili kukaa kitini. Akikatazwa kucheka, anacheka. Akiambiwa afumbe mdomo, anasimulia habari za magego. Siku za kazi walipigiana simu, yeye akimwita Bibi Udongo, naye akiitwa Bwana Koleo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kichwa chake cha udongo kilipogeuzwa cha nta, na nta ikayeyushwa kuiachia shaba nafasi yake, kila aliyeiona sanamu ile alijua mchongaji amependa.

Jioni ya ufunguzi wa maonyesho ya sanamu zake, Kuheli hakutulia hata kidogo. Mgeni rasmi alikuwa Profesa Haldar, ambaye akimsifu mchongaji leo, kesho makumbusho ya Delhi hupiga simu. Zaidi ya hayo, Dibyendu alikuja na mama yake, mjane mwenye sari nyeupe iliyonyooshwa vizuri. Kuheli akainama kumgusa miguu kwa heshima. Mama akamwinua, akamshika kidevu, akamwambia mwanawe kwamba huyu msichana ni mwembamba mno, wanamlisha nini. Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri kupita kiasi.

Profesa akavishwa koja la maua meupe. Akapita akisifu hiki na kile hadi akafika mbele ya kichwa cha shaba. Maisha yake yote mzee alikuwa amezindua sanamu za wakubwa waliokufa, basi hakumuuliza mtu. Akalivua koja, akaivisha sanamu, akaomba ukumbi usimame kimya kumkumbuka marehemu.

Ukumbi ukasimama. Nyumbani kwa mama Dibyendu ni picha moja tu inayovishwa maua, ya marehemu mumewe. Akamtazama mwanawe anayepumua pembeni yake, kisha akamtazama Kuheli ili aseme neno. Kuheli aliuona uso ule. Alimwona na Profesa pia. Akakutanisha viganja, akainamisha kichwa pamoja na wengine.

Mama akatoka akilia, mwanawe nyuma yake.

Kuheli alipiga simu mpaka ikapokelewa. Akajitetea kwamba ni mzee tu aliyekosea, na maua si kitu.

"Maua tumeyasamehe," Dibyendu akasema. "Mama anauliza jambo moja. Wewe ulijua mimi ni mzima. Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa kumuudhi Profesa."

"Basi kaa naye." Simu ikakatika.

Kesho yake alitakiwa kusoma kitabu chake ukumbini humo humo. Alimtumia Dibyendu ujumbe: njoo na mama. Hakujibiwa. Profesa alikuwa kiti cha mbele, anatabasamu. Kuheli akasimama, akakiweka kitabu mezani bila kukifungua.

"Jana tulimwomboleza mtu aliye hai," akasema. "Anaitwa Dibyendu, anang'oa meno Behala, na jana mchana alikula wali sahani mbili. Nilijua, nikanyamaza kwa kulinda jina langu. Mama yake aliniangalia nikainama. Kosa si la Profesa, ni langu. Nampenda mwanawe, na nataka anioe, kama mama bado atanitaka."

Profesa aliinuka, akatoka bila kuaga, na Delhi ikatoka naye. Kuheli aliyaona yote yakienda, na ajabu ni kwamba moyo ulikuwa ukimruka kwa furaha.

Nyuma ya ukumbi kiti kilisogezwa. Mama Dibyendu akaja taratibu katikati ya watu, mwanawe akimfuata huku akijikaza asicheke. Sanamu hakuitupia hata jicho. Akasimama mbele ya Kuheli, akapitisha kidole kwenye wanja uliokuwa umemchuruzika kwa machozi, akampaka nukta kando ya paji la uso, kama mama anavyompaka mtoto wake kumkinga na jicho baya.

"Macho ya watu ni mengi humu," akasema. "Twende nyumbani, mwanangu."