Msichana Aliyerudisha Jina

"Shikamoo, Mama."

Mzee Nakat, mvi kichwa kizima, aliinama mbele ya binti wa miaka ishirini na mmoja aliyeleta kapu la viazi vikuu.

"Marahaba, mwanangu," Nivi akajibu, kama alivyofundishwa tangu aanze kusema.

Nyuma ya mzee, mwanawe Iolu alikuwa akiuma mdomo asicheke.

"Kitendawili!" akanong'ona.

"Tega."

"Nimezaa mtoto ana mvi, na bado sijaolewa."

"Koma, mjukuu wangu, nitakuchapa!"

Wakacheka. Mzee hakucheka.

Hapo kisiwani Tanna, ukipewa jina la marehemu, wewe ndiye yeye. Nivi wa kwanza alikuwa mama yake Nakat, aliyekufa kwa moto wa nyumba akimwokoa. Nakat mwenyewe ndiye aliyemtunuku mtoto wa jirani jina hilo, na shamba la marehemu juu yake. Tangu hapo alimkalisha kwenye mkeka bora na kumkatia ini la nguruwe.

Nivi alikuwa na jambo moja asilomwambia mtu. Aliukumbuka ule moto. Aliukumbuka uzito wa Nakat mgongoni, kichanga, analia. Alisimuliwa, au aliona? Hakujua tena.

"Baba," Iolu akasema siku hiyo hiyo, "nataka kumwoa Nivi."

"Umwoe nani? Bibi yako? Umeingiwa na nini?"

"Basi chukueni jina lenu," Nivi akasema. "Nipeni jingine."

Mzee akakubali. Nguruwe akachinjwa, kinywaji cha kava kikanywewa, jina akapewa mjukuu wa Nakat, aliyezaliwa na binti yake mwezi ule. Mzee akakiinamia kitoto: "Shikamoo, Mama."

Jina jingine halikuja.

Watoto wakawa wanampita msichana kama wanavyoupita mti. Nyumbani, mama yake alipopakua laplapu, mkate wa viazi vikuu, sahani ya msichana haikuwepo.

"Mama, na mimi je?"

Mama akashtuka, nusura aangushe chungu. "Kumbe upo! Nilitaka kukuita, mdomo ukawa mtupu."

Simu ikalia. Iolu alikuwa ameandika: "Sijui nikuite nani. Baba hatoi jina tena. Eti nitamwoa nani, wakati hakuna mtu?"

Akajibu: "Mwambie 'Hakuna Mtu' anakuja."

Kulipokucha, Nakat alimkuta anafagia ua wake. Akataka kumfukuza, akajizuia. Kwao, kumfukuza mtu uani lazima umtaje. Ukimfukuza asiye na jina, umefukuza mizimu, na nani anathubutu? Msichana akapika, akala, akakaa kwenye mkeka bora. Mzee alipokwenda shambani, akamfuata, akasimama ukingoni.

"Mume wangu," mkewe akalalamika, "kuna kitu kinapumua humu ndani."

"Nakiona."

"Si ukiambie kiondoke!"

"Nimwambie nani, mke wangu?"

Siku zikapita hivyo. Asubuhi moja mzee alitoka, akamkuta kasimama mlangoni tena. Akapiga magoti.

"Mama, nihurumie!"

Msichana hakugeuka. "Mama yako yule pale kwa mkweo. Kalowesha nepi."

"Uliniitikia miaka yote," mzee akasema. "Nilikuwa na mama tena. Ukiwa mke wa mwanangu, nitamwita nani mama aniitikie?"

"Na mimi nilikuwa nani, baba? Usiku nalia kwa moto usionihusu. Nikiamka, natafuta mtoto ambaye sijamzaa. Niite, basi. Mara moja tu, niite mimi."

Iolu akatoka ndani, akasimama kando yake. Mzee akawatazama wote wawili.

"Yapin," akasema.

"La nani hilo?" Iolu akauliza.

"Aliyekuwa nalo alikufa kabla babu yangu hajazaliwa. Sura yake haijulikani, sauti yake haijulikani. Hana mtoto anayemlilia." Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu, boma zima lisikie: "Yapin!"

"Abee, baba."

Watoto waliokuwa wakicheza uani wakageuka wote mara moja. Mama Iolu akatoka jikoni, akaziba mdomo kwa kanga.

"Jamani, huyu binti kafika saa ngapi? Iolu, umesimama tu hapo! Mpishe mkeo apite ndani."