Kutu Chini ya Kibanio

Wapendwa, asubuhi karakana ya Makarius pale Kasulu ilikuwa na sauti mbili tu: brashi ya waya, shwa shwa, na Felisiani akisali kwa kunong'ona. Kila siku kabla ya kazi, Felisiani alikwangua kutu kwenye bamba la chuma, mahali ambapo kibanio cha waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine, kingeng'ata. Yeye na Makarius walikuwa wamechomelea pamoja miaka kumi na miwili.

Ndipo Makarius akaleta mashine ya plasma, ile inayokata chuma kwa kuongozwa na kompyuta. Tochi yake, ile ncha inayotoa moto wa kukatia, hupanda na kushuka yenyewe kwa kusoma volti za moto huo. Volti zikizidi, hudhani iko juu mno, hushuka.

"Weka brashi, mzee," Makarius alicheka. "Hii haikwanguliwi kama sufuria. Ina akili kukushinda."

"Akili inayo. Macho je?"

Wakacheka wote. Brashi ikatundikwa msumarini, kutu ikaendelea na kazi yake.

Wiki ya tatu tochi ikaanza kujikita kwenye bamba. Skrini ilisoma volti mia moja arobaini badala ya mia moja ishirini na tano. Makarius akabadilisha pua ya tochi, akabadilisha nyaya. Wapi! Akakumbuka ile minong'ono.

"Ulikuwa unanuiza nini juu ya chuma changu?"

"Baba Yetu, Makarius. Unanijua."

"Nakujua? Wazazi wako walivuka kutoka Burundi na mizigo. Nani ajuaye walibeba nini?"

Felisiani alivua glavu, akaziweka mezani, akaondoka. Ole wetu, neno lile lilifika mtaani kabla yake. Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ilipofika, alikuja bibi mmoja tu, asiyesikia vizuri. Mkewe alikuwa amepika maharage ya watu ishirini. Kabla mvua hazijakatika, wakahama.

Makarius akabaki na mashine. Mara nyingi alijikuta akisema, "Shika huku," na hapakuwa na wa kushika.

Siku moja mkewe, Esteri, alimletea ugali. Akatazama, akauliza, "Baba Winnie, siku hizi pale kibanio kinapong'ata hapakwanguliwi?"

Makarius alitaka kumkaripia. Badala yake alichukua mita ya kupimia volti, akagusisha waya wake mmoja kwenye kibanio, mwingine kwenye bamba, mashine ikikata. Volti kumi na tano, mahali pasipotakiwa kuwa na kitu! Kutu ilikuwa inaongeza volti kwenye hesabu, na tochi ikidhani iko juu mno.

Akaitungua brashi, akakwangua. Skrini ikasoma mia moja ishirini na tano. Tochi ikateleza juu ya bamba kwa utulivu.

Hakufurahi. Alipanda pikipiki hadi nyumbani kwa Felisiani, akakuta kufuli.

"Walikwenda wapi?" akamuuliza jirani.

"Hawakuaga. Wangemuaga nani?"

Hadi leo, ukipita asubuhi utasikia shwa shwa. Sauti ni moja tu.

FUNZO

Kazi ikiharibika, ikague kazi kabla hujamkagua mwenzako. Kutu ya chuma hukwanguliwa, ila neno la uchawi ukishalipaka jina la mtu, brashi yake haijatengenezwa. Nasi tulioyaacha maharage yale yapoe, tusimnyooshee Makarius kidole. Tukisikia mtu anasengenywa, na zamu ya sala ni kwake, twende tukaketi.