Pipa Juu ya Mwamba

"Chai imechemka. Usiiache imwagike."

Sauti ya Kathmandu ikakatika. Yangji akairudisha redio yake ya Motorola ndani ya koti, akapisha msafara wa yaki, akaendelea kupanda.

Kwa mafumbo yao, chai ilikuwa Tara, sanamu ya dhahabu ya mungu wa kike, mali ya monasteri ya kijijini kwao. Imeibwa. Aliyekamatwa ni mlinzi wake, mzee Gyalzen, mjomba wa Yangji, mtu asiyeweza kuiba hata usingizi wa mchana. Tara asipopatikana, mzee atafia jela.

Yangji alikuwa na jina moja tu la kushuku: Verhoek. Mnunuzi wa vitu vya kale, sasa anajiita mpanda mlima.

Mpanda mlima gani ana viatu vipya namna ile?

Hesabu ya jamaa ilikuwa nzuri. Uwanja wa ndege wa Lukla una askari na mbwa. Lakini kambini, chini ya Chomolungma, yaani Everest, helikopta huja na kuondoka. Nani akague?

Yangji alifika kambini, akamwamkia kila mtu, akamshuku kila mtu. Lama, mtawa mwenye miwani ya Ray-Ban. Daktari asiyeuliza kitu. Lhundup, mpishi wa Verhoek, aliyecheka kabla mzaha haujaisha.

Akajibanza nyuma ya barafu, akainua darubini ya Leica.

Verhoek alikuwa ameketi mbele ya hema la choo, macho kwenye pipa la bluu. Hanyanyuki. Mtu anayelinda pipa la choo asubuhi nzima ama anaumwa tumbo, ama anaficha kitu.

Alipokwenda kunywa chai, Yangji akaingia. Fimbo yake ya kutembelea ilikuwa na jicho la kunusa madini. Wanasema iliwahi kugundua jino la dhahabu la waziri akiwa ng'ambo ya mto. Akaipitisha juu ya pipa.

Kimya.

Akaipitisha tena. Kimya. Harufu tu ndiyo iliyosema.

Bondeni, helikopta ikasikika.

Yangji akatoka. Akatazama jikoni. Mapipa yote yalikuwa chini, kwenye matope ya barafu. Yote, isipokuwa moja. Pipa la unga, juu ya mwamba, limevikwa kitambaa cheupe cha hariri. Kando yake, moshi wa mreteni, ubani wa madhabahuni.

"Kaka Lhundup. Tangu lini unga unafukizwa?"

Upawa ukasimama hewani. "Ni... ni unga wa sherehe, dada."

"Ushushe basi. Uweke hapa, miguuni pangu."

Lhundup hakusogea. Fimbo ikalia: *bip*.

"Yule bwana aliniambia nimtie kwenye pipa la choo," mpishi akanong'ona. "Tara, dada! Ndani ya mavi! Mama yangu angefufuka anizabe makofi."

"Kumwiba umeweza, kumnajisi umeshindwa?"

"Kila mtu ana mpaka wake."

"Na yeye anajua Tara yuko wapi?"

"Anajua yumo chooni."

Yangji akacheka. Mara ya kwanza tangu Kathmandu.

Helikopta ikatua. Verhoek alilikumbatia pipa la bluu kama bibi harusi.

"Nikusaidie, bwana? Huu mzigo ni wako?"

"Wangu! Asiguse mtu!"

Kambi nzima ilisikia. Yangji akamfungia mlango wa helikopta mwenyewe, akampungia mkono, kisha akabonyeza Motorola.

"Mwewe kwa Kiota. Chai imeepuliwa. Mgeni anakuja na pipa. Mpeni heshima ya kulifungua mwenyewe."

Lhundup alimbeba Tara kushuka. Pingu za nini? Mtu mwenye Tara mgongoni hakimbii. Kila ukuta wa mawe ya sala aliuacha mkono wa kulia, kama dini itakavyo, hata pale njia ya kushoto ilipozunguka na kutumbukia kwenye matope.

Redio ikakoroma.

"Mwewe, mgeni amefungua."

"Kisha?"

"Tumefungua madirisha yote. Sasa anasema kila kitu, mradi tumpe sabuni. Mjomba wako ametoka. Anauliza, Tara alilala pazuri?"

Yangji akatazama nyuma, kule mwambani.

"Mwambie alilala juu kuliko sisi sote."

Akazima redio, akavuta kofia usoni, akashika njia ya kijijini.